Jirani Mpya Uzeeni

Watu huandika mengi juu ya vijana: malezi yao, masomo yao, ndoa zao. Leo tunataka kuuliza neno moja juu ya wazee. Mtu aliyefika miaka sabini au themanini, aliyekwisha kuzika wazazi, ndugu, na pengine mume au mke, je, anapaswa bado kumfungulia moyo jirani mpya? Au ana haki ya kusema: "Mimi nimemaliza kazi ya kufahamiana na watu, niacheni na wale wachache waliobaki"?

Pengine wengine watastaajabu. Watasema: "Swali hilo latoka wapi? Mzee hahami. Mzee hukaa mahali pake, na watu ndio wanaomjia." Ilikuwa hivyo kwa watu wengi, na kwa wengine ni hivyo hata leo. Lakini ziko nchi ambako wazee kwa maelfu huacha nyumba zao na kwenda kukaa pamoja katika vijiji vilivyojengwa kwa ajili yao tu. Huko kila mtu ni jirani mpya wa mwenzake. Basi tuwatazame hao kwanza, maana kwao swali letu linaonekana waziwazi kuliko penginepo. Kisha tutarudi kwetu.

Mji wa wazee jangwani

Twende Marekani, katika jimbo la Arizona, nchi kavu yenye jua kali. Mwaka 1954, karibu na mji wa Phoenix, kulianzishwa kijiji kilichoitwa Youngtown, kijiji cha wazee peke yao. Tarehe 1 Januari 1960, jirani kabisa na hapo, mjenzi mmojawapo jina lake Del Webb akafungua mji mwingine ulioitwa Sun City, juu ya mashamba ya zamani ya pamba. Katika siku tatu za kwanza watu wapata 100,000 walifika kutazama. Walikuta nyumba tano za kielelezo, maduka, bwawa la kuogelea, uwanja wa gofu na nyumba ya kukutania. Wengi walinunua nyumba papo hapo. Leo Sun City ina watu karibu 40,000, na miji ya namna yake imeenea mahali pengi. Mmoja wao, The Villages, katika jimbo la Florida, una watu zaidi ya 100,000.

Kwa nini walikwenda? Sababu ni nyingi. Kwanza, tangu sheria ya mwaka 1935 wafanyakazi wa Marekani hupata pensheni ya serikali wakizeeka, hata mtu asiye tajiri aweza kupanga maisha yake. Pili, watu waliishi miaka mingi kuliko baba zao. Tatu, mashine za kupoza hewa zilifanya jangwa likalike. Nne, na hii ndiyo sababu inayotuhusu zaidi, watoto walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mmoja amepata kazi mashariki, mwingine magharibi, na wazazi wamebaki wawili katika nyumba kubwa yenye vyumba vitupu. Basi mtu aliyefanya kazi miaka arobaini katika kiwanda cha Chicago akauza nyumba yake, akapakia vyombo vyake katika lori, akasafiri na mkewe kilomita zaidi ya 2,500 mpaka mahali ambapo hakumjua mtu hata mmoja.

Wako wanaosema upesi: "Ndiyo desturi ya Wazungu, kuwatupa wazee wao." Tusiseme hivyo. Nyumba ya kulelea wagonjwa ni neno jingine. Hawa tunaowataja hawakutupwa na mtu. Walikwenda kwa miguu yao na kwa fedha zao, wangali na nguvu, kwa kuwa walitaka kuishi miaka yao ya mwisho kati ya watu na si kati ya kuta. Walikuwa wanatafuta majirani. Hilo si tamaa mbaya.

Wote walikuwa wageni

Tufikiri jinsi siku zile za kwanza zilivyokuwa. Hapakuwa na mtu wa kusema: "Mimi ni mwenyeji, wewe umekuja juzi." Hapakuwa na kaburi la babu ya mtu. Aliyekuwa mkubwa wa ofisi na aliyekuwa fundi wa bomba walipanga foleni moja ya kujaza karatasi. Kila mmoja alijua kwamba asipotoka kumwamkia mwenzake, atakaa peke yake. Kwa hiyo watu walitoka. Waliunda vyama vya kushona, vya kufinyanga vyungu, vya kuimba, vya kucheza karata, na leo vyama vya Sun City ni zaidi ya mia moja.

Jambo hilo si geni kabisa kwetu. Wazee wa Katanga wanajua habari za kambi za migodi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Lomami, kutoka Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye kutoka Rwanda na Burundi. Watu wa makabila mengi walijikuta mlango kwa mlango, wala hawakuchaguana. Mama mmoja alipika kwa namna hii, jirani yake kwa namna ile. Mmoja alilia wafu kwa namna ya kwao, mwenzake alishangaa. Walifanyaje? Walisalimiana. Na ili wasalimiane walihitaji lugha moja, hata Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao na ya watoto wao. Twaweza kusema bila kukosa kwamba Kiswahili tunachosema Lubumbashi ni kazi ya majirani wapya.

Hivyo tumepata fundisho la kwanza. Ni rahisi kumpokea mgeni wakati wote ni wageni. Shida huanza siku ile ambapo baadhi wamekwisha kuwa wenyeji.

Moyo uliochoka

Katika kijiji cha wazee kifo ni mpita njia anayejulikana na wote. Leo taa ya nyumba fulani imezimika. Baada ya wiki chache watoto wa marehemu wanafika kutoka mbali, wanagawana vyombo, wanaweka kibao cha kuuza nyumba. Kisha siku moja lori linasimama mbele ya mlango ule, na watu wasiojulikana wanashusha vitanda. Mapazia mengine yanatungikwa dirishani.

Tuseme ng'ambo ya barabara anakaa mama mjane, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikunywa kahawa kila asubuhi na yule aliyekufa. Anatazama mapazia yale mapya. Anasema moyoni: "Yule nilimpenda, nikamzika. Huyu nikimpenda, nitamzika yeye, au yeye atanizika mimi. Ya nini kuanza tena?" Naye hafungui mlango.

Ndugu, tusimkemee mama huyu. Maneno yake si ya chuki. Mtu aliyezika wengi huogopa kupenda kama vile mtu aliyeungua huogopa moto. Lakini tumwulize, kwa heshima tunayopaswa kuwapa wazee, maswali matatu.

La kwanza: Mama, huyo aliyeingia nyumbani mwa rafiki yako, je, ni yeye aliyemwua? Si yeye. Yeye naye labda amekuja kwa sababu ya msiba wake, maana wengi huhama baada ya kumzika mume au mke, wasipoweza tena kukaa kati ya viti vilivyo vitupu. Wewe unaona kwamba amechukua mahali pa marehemu wako. Yeye anaona kwamba ameacha kaburi la marehemu wake mbali sana. Ninyi wawili mnabeba mzigo mmoja, wala hamjuani.

La pili: Mama, ukifunga mlango, je, huzuni itakosa njia ya kuingia? Itaingia tu. Magonjwa yatakuja, usiku mrefu utakuja, habari mbaya za watoto zitakuja. Mlango uliofungwa hauzuii hayo. Unachozuia ni mtu tu, yule ambaye angaliweza kukaa karibu nawe hayo yatakapokuja.

La tatu: Je, muda mfupi hupunguza neno la kweli? Sisi wakristu tumesikia mara nyingi habari za wale wafanyakazi walioitwa kwenye shamba la mizabibu saa kumi na moja ya jioni, jua likikaribia kuchwa. Mwenye shamba hakuwaambia: "Mmechelewa, hakuna faida kuanza." Aliwapa kazi, na jioni akawapa ujira ule ule. Jirani wa mwaka mmoja ni jirani kamili. Aliyekuletea maji mara moja ulipokuwa na homa amekuletea maji kweli.

Rafiki wa mchezo

Lakini tusidhani kwamba kosa huwa upande wa wenye huzuni tu. Lipo kosa jingine, linalocheka na kupiga makofi, na kwa sababu hiyo halionekani upesi.

Tuseme wazee wawili hucheza gofu pamoja mara tatu kwa wiki. Wanaitana rafiki. Kisha macho ya mmoja yanaharibika, hawezi tena kuona mpira. Wiki ya kwanza mwenzake anakuja kumtazama. Wiki ya pili anapita akipunga mkono kutoka ndani ya kigari. Wiki ya tatu hapiti. Je, alikuwa mwongo? Hapana, alipenda kweli, lakini alipenda mchezo, na yule mwenzake alikuwa sehemu ya mchezo. Mchezo ulipokwisha, kamba iliyowafunga ikakatika.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya rafiki na jirani. Rafiki huchaguliwa, jirani hupewa. Rafiki tunampenda kwa sababu anatupendeza, na hilo ni jema. Jirani twampenda kwa sababu yupo. Yule mtu aliyelala nusu maiti njiani kutoka Yeruzalemu kwenda Yeriko hakuwa amechaguliwa na Msamaria. Hawakuwa wamecheza pamoja, hawakuwa na kabila moja wala sala ya namna moja. Alikuwa pale njiani, na Msamaria alikuwa pale pale. Hiyo ilitosha.

Kijiji cha wazee kina starehe nyingi za kuwafanya watu kuwa marafiki. Lakini siku itafika, na kwa wazee haiko mbali, ambapo mtu hawezi kucheza, kisha hawezi kutembea, kisha pengine hakumbuki jina la mkewe. Siku hiyo chama cha mchezo hakina la kufanya. Siku hiyo atahitajiwa jirani. Na jirani hapatikani siku moja. Sharti awe amekwisha kuandaliwa tangu wakati wa kicheko.

Siku ya tatu mpe jembe

Basi jirani huandaliwaje? Wazee wetu wa Kiswahili walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi hudhani methali hii ni ya uchoyo, kana kwamba maana yake ni kumchosha mgeni hata aondoke. Sisi twaona ina maana nyingine, iliyo bora. Siku mbili za kwanza mgeni ni mtu wa kuhudumiwa. Analetewa maji ya kuoga, anapewa kiti kizuri, analishwa kuku. Ni heshima, lakini ni heshima ya mtu wa nje. Siku unapompa jembe unamwambia: "Shamba hili ni lako pia. Tukilima bila wewe, kazi itapunguka." Kwa jembe lile mgeni anakuwa mtu wa nyumbani.

Mzee aliyehamia kijiji cha wageni ana kiu ya jembe hilo kuliko kiu ya keki na kahawa. Miaka arobaini watu walimngojea. Mashine ilimngojea, darasa lilimngojea, watoto walimngojea wapate kula. Sasa ameamka asubuhi, na duniani hakuna anayemngojea. Wako wanaofikiri kwamba uzee huuma kwa sababu ya viungo tu. Viungo huuma, ndiyo, lakini kutohitajiwa huuma zaidi. Serikali ya Uingereza iliona uzito wa jambo hilo, hata mwaka 2018 ikampa waziri mmoja kazi ya kushughulikia upweke wa watu. Ni vema serikali kufikiri hivyo. Lakini waziri hawezi kubisha hodi katika kila nyumba. Anayeweza ni yule wa ng'ambo ya barabara.

Katika Sun City wako waliofahamu siri hiyo. Wazee wenyewe hujitolea kufagia kando za barabara na kutunza miti. Tangu mwaka 1973 liko kundi la wazee wanaosaidia polisi kulinda mji. Wengine huwapeleka kwa daktari wale wasioweza tena kuendesha gari. Mgeni akiambiwa: "Karibu, kesho saa moja tunafagia, ufagio wako ni huu," amepewa jembe lake. Yule anayefagia pamoja nawe atajua usipotokea. Atauliza: "Leo fulani yuko wapi?" Na neno hilo dogo, kuulizwa uko wapi, limeokoa wazee wengi.

Wengine watatupinga: "Mzee amefanya kazi maisha yake yote. Mwacheni apumzike!" Ni kweli, apumzike. Apumzike na kengele ya kiwanda, apumzike na msimamizi, apumzike na deni. Lakini hakuna umri ambapo mtu hupumzika na kupenda. Pumziko la namna hiyo halijengi mtu; linamfanya afe kabla ya kufa. Wala hatusemi kila mzee ashike ufagio. Aliye kitandani aweza kupewa kazi ya kupiga simu kwa wengine watatu kila asubuhi, kuuliza kama wameamka salama. Hiyo nayo ni jembe.

Mlango uliofungwa kwa wadogo

Sasa sharti tuseme neno zito zaidi. Vijiji hivi vina sheria ya umri. Mwaka 1988 Marekani ilikataza kuwanyima nyumba watu wenye watoto, lakini iliruhusu mahali palipotengwa kwa ajili ya wazee. Kwa sheria iliyotengenezwa tena mwaka 1995, mahali kama hapo panatakiwa walau nyumba 80 katika kila mia ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi. Watoto waweza kuja kutembelea kwa siku zilizohesabiwa, kukaa hawawezi.

Tusiseme ni dhuluma tupu. Mzee ana haki ya usingizi na ya barabara tulivu. Lakini tazameni jambo lililofuata. Katika miaka ya 1960 na ya 1970 wazee wa Sun City walipiga kura mara nyingi kukataa fedha za kujenga shule za watoto waliokaa ng'ambo ya mpaka wao. Walisema: "Sisi tulikwisha kusomesha wetu." Mwishowe mji wao ukatengwa na jimbo lile la shule. Na kule Youngtown, babu na bibi walimchukua mjukuu wao kijana aliyekimbia mateso nyumbani kwake. Wakuu wa kijiji walisema sheria hairuhusu. Shauri likafika mbali, na mwaka 1998 amri ile ya umri katika Youngtown ikafutwa, kwa kuwa ilionekana haikuwekwa kwa halali.

Sisi tunaosoma habari hizi tufikiri vizuri. Nani aliyewasomesha wazee wale walipokuwa wadogo? Si wazazi wao peke yao. Watu wazima wa wakati ule, hata wasio na watoto, walitoa kodi na shule zikajengwa. Na nani anayewatibu sasa? Daktari aliyesomeshwa na kodi za wengine. Mtu asemaye "nimemaliza deni langu" amesahau hesabu ilivyoanza. Kijiji kinachojua kumpokea jirani aliyefanana nasi tu kimejifunza nusu ya ujirani. Nusu ile nyingine, iliyo ngumu, ni kumkubali asiyefanana nasi.

Mifano miwili mingine

Je, yaweza kufanywa kwa namna nyingine? Yaweza. Huko Ubelgiji, tangu karne ya 13, walikuwako wanawake walioitwa mabegini. Hawakuwa watawa wa nadhiri za daima. Walikaa katika nyumba ndogondogo zilizozunguka uwanja mmoja na kanisa moja. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, na wengi waliishi kwa kazi za mikono yao. Jioni lango kubwa lilifungwa, lakini mchana walitoka kuuguza wagonjwa wa mji. Begini wa mwisho, Marcella Pattyn, alikufa katika mji wa Kortrijk mwaka 2013. Nyumba zao nyingi zingaliko, na makao 13 kati ya hayo ya Flandria yaliandikwa na UNESCO mwaka 1998 katika urithi wa dunia. Nao watu wa kaskazini ya Ufaransa leo huita kwa jina hilo hilo makao madogo ya wazee: kila mtu na mlango wake, na uwanja wa wote katikati. Watu wa kale walijua kipimo kizuri: mlango wangu, ili nipumzike, uwanja wetu, ili nisipotee.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi, katika mji wa Deventer. Kuna nyumba ya wazee iitwayo Humanitas. Karibu na mwaka 2012 mkubwa wa nyumba hiyo alianza kuwapokea wanafunzi wachache wa vyuo, wakae humo bila kulipa kodi ya nyumba. Sharti lao ni moja: kila mwezi watoe saa 30 za kuwa majirani wema. Kula pamoja na wazee, kuwafundisha mashine mpya, kukaa karibu na anayeumwa. Wanafunzi wakileta habari za mitihani yao na za wachumba wao, wazee wanapata jambo la kuzungumza zaidi ya magoti na dawa. Na kijana anajifunza mapema kutomwogopa mtu anayekaribia kufa. Nani aliyempa mwenzake zaidi? Hatujui hesabu hiyo, na ni vema isijulikane.

Na sisi je?

Labda msomaji wa parokia atasema: "Habari hizi ni za mbali. Sisi hatuna vijiji vya wazee." Kweli, wengi wetu hatuna. Lakini tunao wazee waliohamishwa, na hesabu yao yaongezeka.

Mfikirieni mama mzee aliyeletwa mjini na mwanawe. Mumewe amekufa, vita au ugonjwa umeharibu kijiji, shamba limebaki bila mtu. Mwana mwema anasema: "Mama hatakaa peke yake," naye anamleta Lubumbashi, Bukavu au Kalemie. Anampa kitanda na chakula, na mbele ya Mungu anafanya vizuri. Lakini asubuhi mwana anakwenda kazini, mke wake sokoni, wajukuu shuleni. Mama anabaki katika ua uliofungwa. Lugha ya barabara ile si ya kwao. Hajui njia ya kanisa. Kule kijijini watu ishirini walimwamkia kila siku kabla ya jua kupanda. Hapa hakuna anayejua hata jina lake. Watu wa nyumba zile husema tu: "Ni mama ya fulani." Mama huyo ni jirani mpya, sawasawa na yule aliyeshuka katika lori kule Arizona. Tena yule wa Arizona alichagua mwenyewe.

Basi nani atambishia hodi? Tunapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha.

Kwanza, wenyeji waanze. Mgeni haya humzuia. Mwenyeji hana udhuru. Katika wiki ya kwanza ambapo mzee mgeni ameonekana katika barabara yenu, mmoja aende kumsalimu, na aulize jina lake mwenyewe, si jina la mwanawe.

Pili, apewe jembe. Mama huyo labda anajua kusuka mikeka, kutunza watoto wachanga, kuimba nyimbo za kale za kilio. Jumuiya ndogo za wakristu zisimwandike katika orodha ya wenye kusaidiwa peke yake. Zimwulize: "Mama, utatufundisha nini?" Atakapofundisha, atakuwa amefika.

Tatu, mzee mgeni naye asikae kungojea. Uzee una heshima zake, lakini heshima isigeuke ukuta. Akiketi mlangoni na kumwamkia kila mpita njia siku thelathini, siku ya thelathini na moja watu watamwuliza kwa nini hakutoka. Asiseme daima: "Kwetu ilikuwa hivi na hivi." Kwetu ni kuzuri, lakini anayesifu kwao kila siku huwaambia wenyeji kwamba wao si kitu.

Na sasa tulijibu swali tuliloliuliza mwanzo. Je, mzee anapaswa kumfungulia moyo jirani mpya? Anapaswa, ndiyo, lakini si yeye peke yake. Anapaswa kwa sababu yeye naye, katika nyumba ya mwisho ya maisha yake, anaishi kwa kufunguliwa na wengine: atakayemnawisha, atakayemlisha, atakayemfumba macho. Wengi wao atawajua kwa siku chache tu. Karibu wote watakuwa watu ambao hakuwachagua. Ikiwa sisi sote tutapokelewa hivyo siku ile, basi leo, tukiwa na nguvu ya kutembea hatua thelathini mpaka mlango wa pili, twende tukapige hodi.